Doto Hatangulii

Siku ya Ngazi wazazi huja shuleni wamevaa kama watu wanaopeleka posa. Wanawake hutoa vitenge vilivyokunjwa kabatini tangu Krismasi, wanaume hufunga vifungo mpaka cha shingoni, na wote hukaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu wakinong'ona. Zamani niliwaambia kwamba Kivuli hakina macho ya kutazama nguo. Hawakunisikia, nami nimeacha kuwaambia. Mtu akija kusikia mwanawe atakuwa nani, mwache avae anavyotaka.

Mama Kulwa alikuja na mabinti zake wawili, pacha, wote wa Kidato cha Pili. Majina yao huhitaji kuuliza: aliyetangulia kuzaliwa ni Kulwa, aliyemfuata ni Doto. Walinisalimia kwa zamu. "Shikamoo, Mwalimu Nakijwa," akasema Kulwa, nikaitikia, ndipo Doto naye akatoa shikamoo yake kwa sauti ileile. Niliwaonyesha viti. Kulwa akakaa, mama akakaa, Doto akakaa mwisho.

"Tuanze na Kulwa," nikasema, nikawasha ukuta.

Ukuta wa ofisi yangu ni kioo kizima, na juu yake ngazi ilichorwa kwa mstari wa kijani: Aljebra ya Kwanza na Jiometri, ambazo wameshazipitia, kisha Aljebra ya Pili kwa Kidato cha Tatu, na juu kabisa, kwa Kidato cha Nne, Kalkulasi. Halafu Kivuli kikasema. Hapo ndipo wazazi wageni hushtuka, kwa sababu Kivuli huongea kwa sauti ya mtoto mwenyewe, ila imekomaa kidogo, kama vile mtoto ameenda mbele miaka miwili akarudi kutoa taarifa.

"Nimepanda ngazi hii kwa kila njia," ilisema sauti ya Kulwa kutoka ukutani. "Aljebra ya Pili nimepita vizuri. Kalkulasi imenisumbua mwanzoni, nikapita. Nipelekeni huko."

Mama Kulwa alipiga kigelegele kifupi, akajizuia, akaziba mdomo kwa kitenge. Nilimwelewa. Hapa Bugwandu maji yetu yote huja kwa bomba kutoka ziwani, na mwenye Muhuri wa Kuhitimu uliofika Kalkulasi hupokelewa Chuo cha Maji bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Mwenye Muhuri wa Hesabu za Matumizi huenda kwenye mashamba ya jua, kupima na kusafisha vioo, nayo ni kazi ya heshima. Asiye na Muhuri hana kitu. Hata gari la maji haruhusiwi kuendesha.

"Na Doto," nikasema.

Mstari ulipanda, ukafika Kalkulasi, ukakatika. Ukajaribu pembeni, ukakatika tena. Kisha ukashuka taratibu, ukapitia Takwimu, ukatulia kwenye Hesabu za Matumizi.

"Nimejaribu Kalkulasi nikaanguka," ilisema sauti ya Doto. "Nimejaribu nikiwa na mwalimu mwingine, nimejaribu kwa polepole, nikaanguka. Hesabu za Matumizi nimepita. Nipelekeni huko."

Doto aliusikiliza mwenyewe ule wimbo wa kushindwa kwake bila kupepesa. Aliyegeuka kwa haraka alikuwa Kulwa. Alimtazama mdogo wake, akafungua kinywa, akakifunga.

"Mwalimu," mama akasema, "una maana watakaa madarasa mawili?"

"Ndiyo, mama. Kuanzia Januari."

"Hawa hawajawahi kulala nyumba mbili. Hata chandarua walikataa kila mmoja awe na chake." Aliutazama ukuta kama anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. "Mapacha ukimpa mmoja, unampa na mwenzake. Hiyo mashine yenu haikufundishwa?"

Nikamwambia kwamba hakuna wa kumlazimisha kuweka dole gumba la kukubali ngazi siku ileile. Akaondoka bila kuweka, na wale mabinti wakamfuata, Kulwa mbele, Doto nyuma.

*

Wiki iliyofuata Kulwa alipata matumbwitumbwi. Doto alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi lao la siku zote, akaacha nafasi ya Kulwa wazi upande wa kushoto.

Nilikuwa nafundisha ujazo. Niliwachorea tangi lenye umbo la pia, ncha chini, nikawauliza: maji yakifika nusu ya kimo, ni sehemu gani ya tangi imejaa? Darasa zima likaandika nusu kwenye vishikwambi, kwa furaha na kwa haraka, kama kila mwaka. Swali hili nalipenda kwa ubaya wangu. Napenda kuwaona wakiingia mtegoni, kisha nawatoa.

Nilipita kati ya mabenchi. Kwetu Bugwandu vumbi halitoki hata ukipangusa asubuhi na mchana, na kwenye vumbi la benchi la Doto niliona kidole chake kikiandika. Moja, mstari, nane. Moja ya nane. Kisha akapapasa kwa kiganja, akafuta. Kishikwambi chake kilikuwa mbele yake, cheupe, hakina hata nukta.

"Doto, mbona huandiki?"

Akasimama. "Kulwa hajaandika, Mwalimu."

"Kulwa yuko nyumbani, amevimba mashavu."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, kana kwamba hilo nalo ni jibu.

Baada ya kipindi nilimbakiza. Sikujua natafuta nini, ila nilikuwa na ule mwasho anaoupata mwalimu anapohisi amekuwa akidanganywa na mtu asiye mwongo. Nikaandika ubaoni jina la Kulwa, na chini yake nikapiga mistari miwili mitatu isiyo na maana.

"Haya. Hiyo ni kazi ya Kulwa, ameshaandika. Sasa wewe."

Alinitazama, akatazama ubao, na nikaona mabega yake yakishuka. Akachukua chaki. Lile tangi alilimaliza kwa mistari michache. Nikampa lingine, la tufe. Akamaliza. Nikampa swali la Aljebra ya Pili, ambayo hajafundishwa, akalizunguka, akaingilia upande nisioutarajia, akatokea kwenye jibu. Mwishowe, kwa ukorofi tu, nikamuuliza: tukifungua bomba kwenye lile tangi la pia, maji yakaingia kwa kasi isiyobadilika, je, kimo chake kinapanda kwa kasi gani?

"Inategemea yamefika wapi," akasema bila kuandika. "Chini yanapanda haraka kwa sababu ni pembamba. Juu yanachoka. Kila mahali yana kasi yake, Mwalimu. Labda kuna njia ya kuitafuta ya pale pale tu, lakini mimi siijui."

Nilikaa chini. Njia ile aliyosema haijui ndiyo inayoitwa Kalkulasi. Mtoto ambaye mashine ilimwona akianguka kila mara alikuwa amesimama mlangoni pa hiyo Kalkulasi akiulizia ufunguo.

"Na Kulwa?" nikamuuliza. "Kulwa akiwepo mnafanyaje?"

Doto akaanza kulia, si kwa sauti. "Naandika kwenye benchi," akasema. "Yeye anaandika kwenye kishikwambi. Halafu na mimi naandika. Hatuibi, Mwalimu. Ni ili atangulie."

*

Mwalimu Mkuu wetu, Luhende, ni mtu mzuri, nami nasema hivyo kabla sijaeleza alichotaka kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

Kivuli hufundishwa na mtoto mwenyewe bila mtoto kujua. Tangu Darasa la Kwanza, kishikwambi huhesabu kila mguso: ameandika nini, amefuta nini, amesita wapi, amejibu kabla ya nani na baada ya nani. Kutokana na hayo hujengwa mfano wa mtoto ndani ya mtambo, na huo mfano ndio unaopelekwa mbele kupanda ngazi zote kabla ya mtoto kugusa hata moja. Miaka yote Kivuli cha Doto kilikuwa kimeona jambo moja: Kulwa anaandika, kisha Doto anaandika kilekile. Siku chache ambazo Kulwa hayupo, Doto haandiki kabisa. Mtambo ukahitimisha anavyohitimisha mtu yeyote asiyewajua, kwamba yule wa pili ananakili. Kivuli kinapima kila kitu ila hakijui heshima.

"Kwa hiyo Kivuli cha Kulwa nacho ni cha uongo," akasema Mkuu.

"Kimejengwa kwa kichwa cha Doto, Mkuu. Kulwa mwenyewe hatujui anaweza nini. Hata yeye hajui."

"Ukiripoti, sheria unaijua."

Niliijua. Vivuli vilivyochanganyika hufutwa, vyote viwili, na havijengwi upya. Waliokuwa navyo hubaki wazi: hufanya mtihani wa karatasi kama enzi zetu, hupangwa kwenye ngazi kwa kukisia, na wakiteleza kwenye ngazi moja tu kuanzia Kidato cha Tatu, wanafungiwa. Hawahitimu. Nakumbuka hizo enzi. Matokeo yalibandikwa ukutani, na nusu ya darasa walikuwa wanakwenda kusimama mbele ya sifuri zao huku wenzao wakitazama. Tangu Kivuli kije, shule yetu haijafungia mtoto hata mmoja. Mimi ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote siku kilipoletwa, na bado sioni aibu ya makofi yale.

"Kuna njia nyingine," Mkuu akasema. Akafumbua macho. "Udhamini wa ndugu. Mama ameshaomba wasitenganishwe, si ndiyo? Kivuli cha juu kinaruhusiwa kumdhamini ndugu wa chini. Tunampandisha Doto kwenye ngazi ya Kulwa. Wanakaa benchi moja kama kawaida, wanafanya kama walivyozoea, wanafika Kalkulasi wote, wanapata Muhuri wote. Saini yako na dole la mama, basi. Nani ameumia?"

Kwa kweli ilikuwa njia tamu. Doto angefika mahali panapomfaa. Kulwa asingeanguka. Mama angelala usingizi. Ningekuwa nimeweka saini mahali pale ambapo kila mtu alitaka niweke.

"Na Chuo cha Maji?" nikauliza. "Huko nako watakaa benchi moja? Siku Kulwa amekabidhiwa tangi la mji peke yake, na Doto yuko mji mwingine, atasoma vumbi la nani?"

"Hayo ni ya mbele."

"Watu watakunywa maji hayo, Mkuu. Na Doto je? Maisha yake yote awe mkono unaoandika kwenye vumbi na kufuta?"

"Heri nusu shari, Mwalimu Nakijwa." Alikuwa amechoka, na sauti yake haikuwa na ukali. "Unataka kuwatoa watoto wawili chini ya mwavuli mvua ikinyesha, ili uwe umesema kweli. Kweli yenyewe wewe hutalowa nayo. Watalowa wao."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa sahihi. Niliondoka ofisini kwake nikiwa na hasira, na kwa muda mrefu sikujua ni hasira juu ya nani.

*

Sheria ilinipa nafasi ya kunyamaza: udhamini haukuhitaji watoto waulizwe. Kukataa Kivuli ili kifutwe, kwa upande mwingine, ni lazima mwenyewe aweke dole lake, kisha mzazi, kisha mshauri wa ngazi, ambaye ni mimi. Nilichukua kishikwambi changu cha kazi nikaenda kwa Mama Kulwa mchana wa Jumamosi. Nilijiambia kwamba kama nitanyamaza, nitanyamaza wakijua.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Kulwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, mashavu yamefungwa kwa upande wa khanga uliopita chini ya kidevu na kufungiwa juu ya utosi, na Doto alikuwa kando yake anamenya maboga. Nikakaribishwa kigoda, nikaletewa uji. Nilikunywa kwanza. Habari mbaya haisemwi tumbo likiwa tupu.

Kisha nikawaeleza yote, udhamini na kufutwa, bila kuficha kitu. Nilipofika kwenye vumbi la benchi, mama aliweka ungo chini.

"Ni bibi yao," akasema. "Mama yake baba yao, Mungu amrehemu. Doto alizaliwa hana sauti, Mwalimu. Kulwa alilia, yeye akatoka kimya, wa bluu. Bibi akambeba akamlaza kifuani pa mwenzake, akamwambia, mfuate dadako, usimtangulie, mfuate tu. Ndipo akavuta pumzi. Tangu siku hiyo bibi akaweka mwiko. Kulwa akianza kula, Doto anakula. Kulwa akitoka nje, Doto anatoka. Alisema siku atakayotangulia Doto, mmoja wao hatabaki hai." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Unaweza kunicheka."

"Sikucheki, mama."

"Sikujua kwamba hata hesabu. Niliwafundisha kula na kutembea. Sikuwaambia hata hesabu."

"Mimi ndiye nilimwambia," Kulwa akasema kupitia ile khanga. Maneno yalimtoka kwa shida kwa sababu ya uvimbe. "Darasa la Pili. Alinyoosha mkono kabla yangu, usiku ule nikapata homa. Nikamwambia usirudie." Akailegeza khanga kidevuni. "Mwalimu, mimi hata Jiometri siijui vizuri. Najua kunakili haraka. Kile Kivuli kiliposema nimepita Kalkulasi, nilijua kinamsema Doto kwa sauti yangu. Nilitaka kusema palepale, nikaogopa mama atalia."

Mama alikuwa analia tayari.

"Basi tufuate mpango wa Mwalimu Mkuu," mama akasema. "Wakae pamoja. Kuna ubaya gani? Mwalimu, wewe una watoto?"

"Ninao, mama."

"Ungewafutia Vivuli vyao?"

Nilimwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia pia kwamba nikiweka saini ya udhamini, Doto atafika juu lakini hakuna atakayejua kwamba amefika, na Kulwa atapewa kazi ambayo siku moja itamuumbua mbele za watu. Na nikisaini kufutwa, sina cha kuwaahidi. Huenda Doto akapanda akafika. Huenda Kulwa akafungiwa. Niliwaambia nilikuwa naogopa, jambo ambalo mshauri hatakiwi kuwaambia wazazi, lakini siku hiyo sikuwa na kingine cha kuwapa.

Doto aliacha kumenya. "Tukae tu pamoja," akasema kwa sauti ya chini, akiwa anamtazama pacha wake na si mimi. "Mimi sijali kuandika kwenye benchi. Nimezoea."

Hapo Kulwa alikasirika. Niliona hasira hiyo ikipanda kwenye uso wake uliovimba, na ingekuwa siku nyingine ningecheka kwa jinsi ilivyokosa pa kukaa.

"Umezoea," akasema. "Mimi je, nimezoea nini? Kila mtihani nakaa nikisubiri kidole chako. Siku unaandika vibaya, naandika vibaya, na sijui kama ni vibaya. Unajua inavyokuwa, kupigiwa makofi na hujui ni kwa nini? Nipe hicho, Mwalimu."

Alikuwa ananyooshea mkono kishikwambi changu.

"Kulwa, subiri," mama akasema. "Wewe ndiye mwenye kupoteza. Kivuli chako ndicho kizuri."

"Ndiyo maana," Kulwa akasema. "Doto hatangulii. Hawezi kukikataa cha kwake mpaka mimi nimekataa cha kwangu. Si ndivyo, Doto? Haya. Mimi natangulia."

Akaweka dole gumba. Kioo kikauliza kama ana hakika, kwa sauti yake mwenyewe, ile iliyokomaa. "Unanifuta," ilisema. "Nilikuwa nimepita." Kulwa alisita kwa pumzi moja, dole likiwa bado pale. "Hukuwa mimi," akaijibu, na sauti ikakatika.

Kisha akamgeuzia Doto kishikwambi. Doto alikitazama kwa muda. Akaweka dole lake mahali palepale, juu ya unyevu wa dole la dada yake. Mama alikuwa wa tatu. Mimi nilikuwa wa mwisho.

*

Mkuu hakunisalimia kwa siku kadhaa, halafu akanisalimia. Mtihani wa karatasi ulifanyika kwenye chumba cha maabara, pacha mmoja kona hii na mwingine kona ile. Nilikuwa nimesahau jinsi karatasi zinavyopiga kelele mtu akizigeuza. Kulwa aliandika jina lake, akagonga meza mara moja kwa kalamu, na kule kona ya pili Doto akainama akaanza. Hakuna kanuni inayokataza kugonga meza.

Matokeo yalikuwa kama nilivyoogopa na kama nilivyotumaini, yote mawili kwa pamoja. Doto hakukosa chochote. Kulwa alipata theluthi ya maswali, na hayo aliyopata yalikuwa yake, yamejaa alama za kufuta na masahihisho. Niliikagua karatasi yake mara mbili nikitafuta pa kumwongezea. Sikupata, na nashukuru, maana ningeongeza.

Kwa hiyo walirudi ofisini kwangu na mama yao. Safari hii mama hakuvaa kitenge cha Krismasi. Ukuta haukuwashwa, kwa kuwa haukuwa na la kusema. Nilikuwa na karatasi kubwa mezani, rula na kalamu ya risasi, na ngazi nilizopaswa kuzichora mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ujana wangu.

Niliwaeleza masharti. Ili wahitimu, kila mmoja lazima awe na ngazi nne zilizopitwa mpaka mwisho wa Kidato cha Nne. Mpango wa Kulwa ulikuwa mlima: Aljebra ya Kwanza anayo tayari, arudie Jiometri likizoni nikimfundisha mimi, kisha Aljebra ya Pili Kidato cha Tatu bila kuteleza, kisha Hesabu za Matumizi. Kosa moja na amefungiwa. Nilimwambia hivyo usoni, na mama akauma ncha ya mtandio.

"Mpango wa Doto una njia mbili tatu," nikasema. "Nitataka achague yeye. Haya, nani anaanza?"

Nilimtazama Kulwa, na kila mtu akamtazama Kulwa. Uvimbe wa mashavu ulikuwa umekwisha, na sura ilikuwa imerudi kuwa ya msichana tu. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia dirishani, midomo imekazwa, mikono ameikalia.

Tulisubiri. Kengele ya kipindi ikapigwa huko nje, watoto wakapita barazani wakisukumana, pakatulia tena. Mama akafungua kinywa, nikamtikisia kichwa. Nikaelewa kwamba Kulwa hatasema, hata tukikaa hapo mpaka jua lizame. Alikuwa ametangulia kila mahali maisha yake yote, na sasa amesimama pembeni ya mlango.

Doto naye alielewa. Rangi ilimtoka usoni. Alinitazama mimi kama anayeomba nimkataze, nami nikaishika kalamu.

"Aljebra ya Pili," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Na Trigonometria papo hapo, kama inaruhusiwa. Halafu Kalkulasi."

Alipomaliza akageuka kwa haraka, akamshika Kulwa mkono, akaubana, akatafuta uso wake. Mama yao alikuwa amefumba macho. Nasikia haya kuandika kwamba mimi, mwalimu wa hesabu, nilikuwa nimezuia pumzi.

Kulwa aliacha dirisha.

"Nipo," akasema. "Doto, si unaniona? Nipo. Mwandikie alivyosema, Mwalimu, halafu uje kwangu."